Kosa la Hewani

Kwa miezi kumi na minne Fundi wa kituo cha redio alikuwa akifika kazini saa moja na nusu asubuhi, akiweka kikombe chake cha chai juu ya mashine iliyokufa zamani, akifungua programu ya nakala rudufu na kuhesabu alama za kijani. Zilikuwa arobaini na tatu. Kila alama ilimaanisha kwamba programu imechukua mafaili ya idara fulani ikayanakili mahali pengine pa salama, ili mashine ikifa kituo kisife nayo. Zikiwa kijani zote, Fundi alikunywa chai yake, na kila mwezi aliandika ripoti, "zote zimekamilika," akatia sahihi. Hakuwa mvivu, tusimwonee. Alikuwa mtu wa kuamini anachokiona, na watu wa namna hiyo hulala vizuri.

Alhamisi hiyo alama hazikutosha. Saa nane mchana lori lingekuja kubeba kanda za zamani, elfu mbili na mia nane, zikateketezwe, maana sauti zilizokuwamo zilikwisha kuhamishiwa kwenye kompyuta, na Mkurugenzi alikitaka chumba kiwe ukumbi wa mikutano wenye viti vya kuzunguka. Bodi iliomba ripoti moja tu kabla ya moto: kila kazi ya nakala inachukua folda ipi, inaipeleka wapi, na mzigo wake ni mkubwa kiasi gani. Kuzifungua kazi arobaini na tatu moja moja na kunakili kwa mkono kungemla siku mbili. Basi Fundi akakaa mbele ya lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, pale unapoiandikia mashine amri kwa maneno nayo ikakujibu kwa maneno, akatunga skripti. Amri kumi na tisa zilizopangwa foleni, zote za kuiuliza programu jambo moja: wewe, hasa hasa, unahifadhi nini?

Hakuna aliyewahi kuiuliza.

Chumba cha seva kilikuwa na baridi na mvumo usiokatika, mvumo ule unaomfanya mtu aliyekaa peke yake asijue kama anafikiri au anaota. Vumbi lilielea katika mwanga wa kidirisha cha juu. Mistari ikaanza kupanda kiooni, myeupe juu ya weusi, taratibu: Mishahara, Matangazo ya Biashara, Taarifa ya Habari, Barua za Wasikilizaji. Fundi aliitazama kama mtu anayetazama mvua akiwa ndani. Mstari wa thelathini na moja ulisema: Sauti za Zamani. Hali: imekamilika. Mzigo: kilobaiti moja.

Barua ya kuomba ruhusa ya kwenda msibani ina uzito zaidi ya huo.

"Skripti yangu mbovu," Fundi alijiambia. Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Aliisoma amri kwa amri, akabadilisha mbili, akaiendesha tena. Kilobaiti moja. Akaenda kwenye hazina ya nakala yenyewe, akafungua folda ya Sauti za Zamani, akakuta ndani yake kitu kimoja tu: picha ndogo ya mshale.

Hapo akakumbuka, na kumbukumbu ilimjia pole pole. Ilikuwa Ijumaa moja, miezi kumi na minne iliyopita, diski ilikuwa imejaa, na mkewe, ambaye ndiye aliyekuwa akizihamisha kanda hizo, alikuwa akigonga ukuta wa chumba cha pili: "Mume wangu, mashine inanikatalia!" Fundi akazihamishia sauti zote kwenye diski mpya kubwa. Ili programu ya mkewe isipotee njia, akaacha mahali pa zamani njia ya mkato, mshale wa kusema "tumehamia kule." Akajiahidi kuibadilisha na kazi ya nakala siku ya Jumatatu. Jumatatu akakuta alama ya kijani. Kumbe programu ilifika mlangoni kila siku, ikaukuta mshale, ikaunakili mshale, ikarudi zake imeridhika. Ilikuwa ikihifadhi kidole kinachoonyesha nyumba, nyumba yenyewe ikiwa nje.

Basi sauti zote zilikuwa kwenye diski ile moja, na diski ile ilikuwa na wiki ya pili ikilia tik, tik, kama mtu anayetafuna kucha. Nakala nyingine pekee duniani ilikuwa zile kanda. Saa yake ilionyesha saa nne na dakika ishirini.

*

Fundi alimkuta Mkurugenzi ndani ya stoo ya kanda, akipima ukuta kwa viganja, mahali atakapotundika saa. Karani wa masijala alisimama pembeni na daftari, akiandika viganja vingapi.

"Bosi, naomba lori lingoje kidogo. Wiki mbili tu."

"Kwa nini?"

"Ile ripoti... haijakaa sawa."

Mkurugenzi aliacha mkono ukutani, akageuza shingo peke yake. "Fundi, ripoti zako ninazo kumi na nne mezani. Zote zinasema zimekamilika. Au mimi sijui kusoma?"

"Unajua, bosi."

"Haya, ya kumi na tano itasema nini?"

Karani alikuwa ameinua kalamu, anangoja. Fundi alifikiria cheo chake cha mkuu wa kitengo, kidogo lakini chake, na nyumba ya kituo inayokaliwa na mwenye cheo hicho, na mkewe mwenye mimba ya miezi saba. Alifungua mdomo.

"Itasema hivyo hivyo," alijisikia akisema.

"Hewala. Tena leo kikaoni tunampongeza mkeo kwa kumaliza kazi. Vaa vizuri."

Alipotoka, Fundi alipita katikati ya rafu. Kanda zilikuwa zimelala kwenye makasha yake ya karatasi ngumu, kila moja na tarehe kwa wino uliofifia, na chumba kizima kilinuka siki. Kwenye rafu ya kwanza, chini ya dirisha, makasha mengi yalikuwa na mwandiko mmoja ulioinamia kulia. Aliujua. Nyumbani kwake mwandiko huo ndio uliomwambia kila asubuhi kwamba chai iko tayari.

*

Mama mkwe wake aliitwa Bi Saa Mbili. Jina lake halisi lilikuwa kwenye vyeti, watu hawakulihitaji. Kwa miaka ishirini na sita ndiye aliyesoma taarifa ya saa mbili usiku, na baada yake matangazo ya vifo, kwa sauti iliyowafanya hata wasio na msiba watue vijiko mezani. Fundi alikua akilala na sauti hiyo. Alidhani utotoni kwamba ndiyo inayozima taa za dunia. Siku alipokwenda kuposa, mlango ulifunguliwa, sauti ile ile ikamwambia, "Karibu, baba," na maneno yote aliyofundishwa na wajomba zake yakamtoka kichwani.

Miaka mitatu iliyopita madaktari walimkata kooni ili aishi. Aliishi. Sauti ndiyo iliyobaki hospitali. Tangu hapo alizungumza kwa chaki juu ya kibao cheusi cha shule, akifuta kwa kitambaa kilichofungwa kiunoni. Na binti yake alipopata mimba, alisema neno ambalo wote watatu walilishika: "Mtoto wangu atamsikia bibi yake. Zimo zote kwenye kompyuta."

Saa sita Fundi alirudi nyumbani, akamkuta amekaa dirishani, jua limemfika magotini, anashona vifungo kwenye kishati kisichozidi kiganja. Redio iliongea chini chini.

"Shikamoo, mama."

Marahaba, aliandika. Kisha akamtazama, akaongeza: Una uso wa taarifa mbaya.

Si rahisi mtu kumweleza mkwe aibu yake. Mkwe ni wa kusalimiwa, kusogezewa kiti na kuagwa. Lakini Fundi hakuwa na mwingine, na chumba kile kilikuwa na kimya cha namna ya pekee, kimya cha mtu anayesikiliza kwa kazi. Alimweleza akitazama vifungo. Alieleza mshale, kilobaiti moja, tik tik ya diski, lori la saa nane, na lile neno "hivyo hivyo" alilolitamka stoo.

"Na sauti yako, mama, imo humo humo. Rafu ya kwanza."

Bi Saa Mbili aliweka sindano, akaipandisha miwani. Kibao ni kidogo, basi alichotaka kusema kilikuja kwa vipande, na kila kipande kilifutwa kabla ya kingine kuja.

Mwaka wa nne kazini nilisoma jina la mtu hai kwenye vifo.

Alifuta.

Kwake walikwisha kuanza kulia. Yeye alikuwa safarini.

Alifuta.

Mkuu wetu akasema tunyamaze. Watu husahau. Aliyesahau ni nani?

"Ukafanya nini, mama?"

Chaki ilikwaruza kwa nguvu safari hii. Kosa lililosomwa hewani husahihishwa hewani. Saa ile ile. Sauti ile ile. Ndiyo iliyokuwa sheria yetu.

"Mimi si mtangazaji."

Ripoti zako unazisomea wapi?

"Kikaoni. Kila mwezi, Alhamisi, saa saba."

Alimwonyesha saa ya ukutani kwa chaki. Saa sita na dakika thelathini na tano. Kisha akafuta kibao kikawa cheusi kabisa, akachukua sindano, akarudi kwenye kifungo chake. Alikishona mara mbili pale pale, na Fundi aliona. Alikuwa akiipigania sauti yake mwenyewe, ila hakutaka iandikwe hivyo.

*

Kikao kilianza kwa makofi. Mkurugenzi alimsimamisha mke wa Fundi mbele ya watu ishirini na tatu, na yeye akasimama, mkono kiunoni, tumbo likitangulia, akicheka kwa haya. Miaka miwili alikaa kwenye chumba kisicho na dirisha akizungusha kanda moja baada ya nyingine, zikikatika anaziunga, zikishikana anazibandua, mpaka ndoto zake zikawa na sauti za watu asiowajua. Kazi ilikuwa imeisha jana. Walimpa cheti na saa ya mezani.

"Na sasa," alisema Mkurugenzi, "Fundi atusomee ile ripoti fupi, halafu tukaone lori."

Fundi alisimama. Nje, mbali, alisikia injini ikinguruma, na kwa muda mfupi kila kitu kilikuwa cha polepole: pazia likijaa upepo, mkewe akikaa na saa yake mapajani, nzi mmoja juu ya glasi ya maji. Karatasi ya skripti ilikuwa mkononi mwake. Aliisoma kama alivyosikia taarifa zikisomwa utotoni, bila haraka.

"Kwa miezi kumi na minne nimesoma hapa kwamba nakala za sauti za zamani zipo. Hazipo. Nilikosea. Na leo saa nne niliulizwa stoo nikaficha. Kosa ni langu. Sauti zote ziko kwenye diski moja, na diski hiyo ni mgonjwa. Naomba kanda zisichomwe."

Mkurugenzi alivuta faili kutoka chini ya kiwiko chake, faili la kijani, akalisukuma mezani mpaka likamfikia Fundi.

"Zisome."

"Zipi, bosi?"

"Zote kumi na nne. Ulizisoma hapa, zisome tena hapa, tujue tulikuwa tunadanganywa vipi."

Akazisoma. Tarehe, "zote zimekamilika," sahihi. Tarehe, "zote zimekamilika," sahihi. Kwenye ya tano mtu wa idara ya michezo alicheka puani. Kwenye ya saba walicheka watatu, na mmoja akaitikia "zimekamilika!" kama kibwagizo. Fundi aliendelea, masikio yakimwaka. Kwenye ya kumi hakucheka mtu, maana ile ya kumi, chini ya sahihi yake, ilikuwa na sahihi ya pili, ya Mkurugenzi kuthibitisha, na Fundi alisoma kila kilichoandikwa. Ya kumi na moja nayo. Na ya kumi na mbili. Mkurugenzi alikuwa akimtazama yule nzi.

Lori lilipiga honi mara mbili uani.

"Nyapara wa lori aambiwe arudi zake," alisema Mkurugenzi hatimaye, akimwambia karani. "Na wewe Fundi, kitengo utamkabidhi mwenzako leo. Nyumba, mwisho wa mwezi."

Fundi alimtafuta mkewe kwa macho. Kiti kilikuwa tupu, na juu yake saa mpya ya mezani ilikuwa ikienda.

*

Alasiri hiyo hiyo walianza kuinakili ile diski, na iliwapa ilichoweza. Ilifika theluthi moja. Siku ya pili, mchana mweupe, ikalia tik, na tik nyingine haikuja. Theluthi mbili za miaka miwili ya mke wa Fundi zilikwenda na tik hiyo. Makofi yale yalikuwa ya kazi ambayo haikuwapo tena, na ingebidi ianze upya, kanda kwa kanda.

Mkewe hakupiga kelele, na ingekuwa nafuu angepiga. Alisema neno moja, "Miaka miwili, Baba Kijacho," kwa jina la utani alilompa tangu mimba ilipoonekana, kisha akanyamaza. Siku ya tatu ya kunyamaza alianza kuazima kibao cha mama yake. Chumvi imeisha, kibao kilimwambia Fundi. Mlango wa bafu hausogei. Nyumba ikawa na wanawake wawili wa chaki na mwanamume mmoja mwenye sauti asiyejua aifanyie nini. Bi Saa Mbili alipokipata kibao chake kimejaa habari za chumvi, alitikisa kichwa, akakificha chini ya mto.

Walihamia vyumba viwili nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, ambako mwanga wa buluu ulicheza ukutani mchana kutwa na kitoto cha ndani, kwa mujibu wa mama yake, kilipiga teke kwa kila cheche. Kituo kilimpa mke mkataba wa kuanza upya. Fundi kilimpa kazi ya kufuta ukungu kwenye kanda kwa pamba na spiriti, chini ya mkewe. Watu walimtania koridoni: "Bosi wako hajambo?" Alijibu hajambo. Aibu huzoeleka, kama kiatu kinachobana.

Lakini aliachiwa kitu kimoja. Mkuu mpya wa kitengo hakuijua skripti, wala hakutaka kuijua, hivyo kila Alhamisi Fundi aliketi tena mbele ya dirisha jeusi kuiendesha. Aliiongezea amri. Sasa ilikataa kupita juu ya mshale bila kuutaja. Ilitoa alama nyekundu kwa mzigo wowote mdogo kuliko unavyostahili. Na mwisho wa kila mstari aliweka safu ambayo mashine haikuweza kuijaza yenyewe. Iliitwa: Imesikilizwa na. Nakala ilipaswa kurudishwa kutoka hazina, ikachezwa, ikasikilizwa na mtu mwenye masikio, ndipo iandikwe kwamba ipo. Alama ya kijani peke yake haikuwa na kazi tena pale.

Kanda ya kwanza kumaliza safari yote hiyo mkewe aliichagua mwenyewe, hakusema kwa nini. Ilitoka rafu ya kwanza chini ya dirisha. Siku ya kuisikiliza alikuja na mama yake, akamkalisha kwenye kiti pekee, yeye akaegemea meza kwa sababu ya tumbo. Fundi aliandika amri, nakala ikarudi kutoka mahali ilipokuwa imehifadhiwa, kilobaiti kwa maelfu. Akabonyeza.

Kwanza ulikuja mkwaruzo. Kisha chumba kisicho na dirisha kikajaa sauti ile, changa kuliko walivyoikumbuka, imetulia kama maji ya mtungini.

"Jana saa mbili, katika matangazo ya vifo, nilisoma jina la mtu aliye hai. Nilikosea. Kosa ni langu. Mwenyewe yuko hapa pamoja nami, ana afya njema, na anawasalimu."

Mwanamume alikohoa kwa woga. "Hamjambo," alisema. "Nipo."

Bi Saa Mbili alikuwa amefumba macho. Midomo yake ilikuwa ikienda na maneno, haikosei hata pumzi moja, na machozi yalikuwa yakimshuka bila kumharakisha. Fundi hakuthubutu kusogea. Sauti ilikwisha, mkwaruzo ukabaki, kisha na wenyewe ukakoma.

"Baba Kijacho."

Aligeuka. Ilikuwa wiki ya tano tangu aitwe. Mkewe alikuwa amefungua viganja vyote viwili juu ya tumbo, na uso wake ulikuwa na mshangao wa mtu aliyeguswa bega na asiyemwona.

"Irudishe mwanzo," alisema. "Amegeuka. Amesikia."

Akairudisha mwanzo. Walisikiliza mara ya pili, na ya tatu, na spiriti ikakauka kwenye pamba. Halafu Fundi akavuta kibodi karibu, akaufungua mstari wa kwanza wa ripoti, mpaka kwenye safu ya mwisho iliyokuwa tupu, Imesikilizwa na. Aliwahesabu waliokuwamo chumbani, akaandika: wanne.